Pato la Kaunti ya Kwale: mchanga wa titani uhesabiwe wapi, na ni wa nani?

Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium, ulioko upande wa Maumba na Nguluku katika Kaunti ya Kwale, ulisimamisha uchimbaji kwa sababu mchanga wenye madini ya kulipa gharama ulikuwa umekwisha. Shehena ya kwanza ilikuwa imeondoka Likoni Februari 2014. Kwa muda wa miaka kumi na kidogo, kaunti ya wakulima wa minazi na korosho, wavuvi, wafugaji na wafanyakazi wa hoteli ilikuwa pia makao ya mgodi mkubwa kuliko yote nchini Kenya.

Kwa anayepiga hesabu ya pato la eneo, Kwale inaonyesha karibu kila tatizo la kazi hii. Kuna kampuni moja kubwa inayouza nje kwa dola. Kuna hoteli zinazouza vyumba kupitia mawakala wa Ulaya. Kuna mazao yanayoliwa nyumbani bila kupita sokoni. Na kuna jirani, Mombasa, anayechukua wafanyakazi wa Kwale, maji ya Kwale na mizigo ya Kwale. Makosa mengi ya pato la kaunti hayatokani na kuhesabu kidogo au kupita kiasi. Yanatokana na kuiweka thamani mahali pasipo pake, na Kwale inalionyesha hilo waziwazi.

Hesabu yenyewe

Shirika la takwimu la Kenya, KNBS, lilitoa ripoti ya kwanza ya Pato Ghafi la Kaunti Februari 2019, ikihusu miaka ya 2013 hadi 2017. Njia iliyotumika ni ya uzalishaji: kwa kila sekta unachukua thamani ya uzalishaji, unatoa matumizi ya kati (mafuta, umeme, mbolea, vipuri, huduma zilizonunuliwa), na kinachobaki ndicho ongezeko la thamani. Jumla ya ongezeko hilo katika sekta zote ndani ya mipaka ya kaunti ndiyo pato lake.

Kitaifa kuna njia nyingine ya kuhakiki, yaani kujumlisha matumizi: ya kaya, ya serikali, uwekezaji, na mauzo ya nje ukitoa manunuzi ya nje. Katika kaunti njia hiyo hukwama mapema. Hakuna forodha kati ya Kwale na Mombasa. Lori la saruji linalovuka kwenda Ukunda na gunia la maembe linalovuka kwenda Kongowea havijazwi fomu popote, kwa hiyo "mauzo ya nje ya kaunti" hayajulikani. Njia ya mapato, ya kujumlisha mishahara na faida, husaidia kwa serikali, shule na benki, lakini faida ya kampuni yenye matawi kaunti ishirini haigawanyiki yenyewe.

Kwa hiyo kazi hufanywa kwa kuchanganya namna mbili. Kutoka chini kwenda juu: una takwimu za kituo chenyewe cha kazi, unazijumlisha. Kutoka juu kwenda chini: una ongezeko la thamani la sekta kwa nchi nzima, unaligawa kwa kaunti 47 kwa kutumia kigezo kama idadi ya wafanyakazi, usiku wa malazi, tani za zao au wanafunzi shuleni. Namna ya pili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hesabu, na ndiyo inayohitaji macho makali.

Ripoti ile ya kwanza iliipa Nairobi wastani wa asilimia 21.7 ya pato la taifa, Nakuru 6.1, Kiambu 5.5 na Mombasa 4.7. Mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine, ulipohamishwa kutoka 2009 hadi 2016, sehemu ya Nairobi ilivuka robo ya pato lote. Jiji halikuvimba usiku mmoja. Kilichobadilika ni uzito wa sekta na vyanzo vya takwimu. Anayeweka namba ya ripoti ya 2019 kando ya namba ya ripoti ya baadaye na kusema kaunti fulani imeanguka, analinganisha vipimo viwili tofauti. Chukua mfululizo mzima kutoka toleo moja.

Mgodi: usigawe kwa vichwa

Sekta ya madini ya Kenya ina watu wengi wa thamani ndogo kwa kichwa: wavuna mchanga wa Machakos, wachonga mawe ya matumbawe pwani, wachimbaji wadogo wa dhahabu Migori, wazalishaji chumvi wa Magarini. Halafu kuna wachache wenye mitambo mikubwa, kama magadi ya Kajiado na titani ya Kwale. Ukigawa ongezeko la thamani la madini kwa idadi ya wafanyakazi, utaichukua thamani ya mitambo ya Kwale na kuisambaza kwa kila mwenye sururu nchini. Hapa hakuna jinsi: mgodi mkubwa lazima uhesabiwe wenyewe, kutoka chini, kwa hesabu zake zilizokaguliwa, na kinachobaki cha sekta ndicho kigawanywe kwa vigezo.

Hatua ya kwanza ni kupata thamani ya uzalishaji. Mgodi ulitoa bidhaa tatu kutoka mchanga mmoja: ilmenaiti na rutaili, ambazo ndizo zenye titani, na zirkoni. Mchanga ulioshwa kwa maji, yale mazito yakabaki, kisha yakatenganishwa kwa sumaku na kwa umeme, kwa kuwa kila madini huitikia vyake. Shughuli hii ilifanyika palepale mgodini kama sehemu ya uchimbaji, kwa hiyo ni ya sekta ya madini. Ikipelekwa viwandani, Kwale itaonekana kuwa kaunti ya viwanda, jambo lisilo kweli.

Tuchukue mgodi wa mfano, kwa namba za kufundishia tu, si za kampuni. Mwaka wa kwanza unazalisha tani 400,000 za ilmenaiti kwa dola 250, tani 80,000 za rutaili kwa dola 1,200, na tani 30,000 za zirkoni kwa dola 1,500. Hizo ni dola milioni 100, milioni 96 na milioni 45. Jumla milioni 241. Matumizi ya kati, yaani umeme, dizeli, vipuri, wakandarasi wa usafirishaji, bima na ushauri, ni milioni 95. Ongezeko la thamani ni dola milioni 146.

Makosa hutokea hata katika mstari huu mfupi.

La kwanza ni kutumia mauzo badala ya uzalishaji. Madini huondoka kwa meli, na meli moja hubeba shehena kubwa kwa mkupuo. Mchanga uliosafishwa Novemba ukasubiri ghalani hadi meli ya Januari utaonekana kwenye takwimu za forodha mwaka unaofuata. Uzalishaji ni mauzo pamoja na badiliko la akiba ya bidhaa iliyokamilika. Omba ripoti za akiba za mwanzo na mwisho wa mwaka. Na ghala likiwa Likoni, bidhaa iliyomo bado ilizalishwa Kwale.

La pili ni bei. Thamani ya forodha ni ya bidhaa ikiwa tayari melini, na ndani yake mna ubebaji wa barabarani na upakiaji. Pato hupimwa kwa bei ya msingi, ile anayoipata mzalishaji kwenye lango lake. Gharama ya malori na ya kupakia iliyotozwa kando na watu wengine lazima iondolewe kwanza.

La tatu ni mrabaha. Wengi huutoa kama gharama, wakapunguza ongezeko la thamani. Katika mfumo wa hesabu za taifa, malipo kwa mwenye rasilimali iliyo chini ya ardhi ni mgao wa mapato. Huchukuliwa kutoka ziada ya uendeshaji, yaani kinachobaki baada ya mishahara, ongezeko la thamani likiwa limeshajulikana. Sheria ya Madini ya 2016 hugawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayozunguka mgodi. Mgawanyo huo ni muhimu sana kwa watu wa Msambweni, lakini haubadilishi hata senti moja ya pato la kaunti.

Sasa angalia zile dola milioni 146 zinakwenda wapi. Mishahara ikiwa milioni 25, ni kama asilimia 17. Mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo ni karibu milioni 12. Uchakavu wa mitambo, tuseme milioni 40. Zinabaki takriban milioni 69 za riba, kodi ya mapato na gawio la wenye hisa, ambao hawaishi Kwale. Mgodi wa titani wa Kwale ulimilikiwa na Base Resources ya Australia, na mwaka 2024 ukaingia mikononi mwa Energy Fuels ya Marekani. Pato lote linasajiliwa Kwale, na ni sahihi kusajiliwa huko, kwa kuwa ndiko kazi ilikofanyika. Mapato ya wakazi wa Kwale ni kitu kingine kabisa, na hicho hakichapishwi kwa kaunti yoyote.

Hapa ndipo siasa hupotosha hesabu. Mtu akisoma kwamba pato la kaunti limepanda, anauliza mbona shule ya kijijini kwake bado ni ya udongo. Swali lake ni la haki na linastahili jibu. Ila jibu liko kwenye kodi, mrabaha na mishahara, na lazima litafutwe huko. Pato linaonyesha kilichozalishwa ndani ya mpaka, basi.

Likoni: mpaka unapokata kampuni katikati

Bandari ndogo ya kupakia madini ilikuwa Likoni. Likoni ni kusini mwa kivuko, upande mmoja na Kwale, lakini ni Kaunti ya Mombasa. Mchanga uliosafishwa ulibebwa kwa malori umbali wa kilomita 50 hivi, ukahifadhiwa ghalani na kupakiwa melini. Sehemu nyingine iliingia kwenye makontena na kupitia bandari kuu ya Kilindini.

Je, ghala na mkanda wa kupakia ni wa Kwale kwa sababu mwenye mali ni mgodi, au ni wa Mombasa? Mfumo wa Hesabu za Taifa wa 2008 unajibu: shughuli saidizi ikiwa mahali tofauti kijiografia, na takwimu zake zikiwa zinapatikana, ichukuliwe kama kituo cha kazi kinachojitegemea, thamani yake ipimwe kwa gharama zake, na iwekwe inakofanyika. Kwa hiyo mishahara ya wapakiaji na uchakavu wa mitambo ya Likoni ni pato la Mombasa chini ya uchukuzi, na kwa mgodi wa Kwale huduma hiyo inakuwa matumizi ya kati.

Kiasi chenyewe si kikubwa ukilinganisha na mgodi. Lakini kanuni ni ileile kwa kampuni yoyote inayovuka mpaka wa kaunti, na zipo nyingi. Supamaketi ya Ukunda hulipa mishahara kutoka makao makuu Nairobi. Wafanyakazi wake wakisajiliwa kwa anwani ya mwajiri, biashara ya rejareja ya Diani inakwenda Nairobi. Kampuni za simu na benki ni vivyo hivyo. Dawa ni kuomba orodha ya mishahara kwa tawi, si kwa kampuni. Pale isipopatikana, gawa ongezeko la thamani la kampuni kwa mishahara au wafanyakazi wa kila tawi, ukikumbuka kuwa makao makuu yana mishahara mikubwa na yanastahili sehemu yake halali. Wanaotaka kuipa Nairobi sifuri wanakosea kama wale wanaoipa yote.

Maji nayo yana kisa chake. Mombasa hunywa maji ya Marere, chemchemi za Shimba Hills, na ya visima vya Tiwi, vyote Kwale, pamoja na ya Mzima kutoka Taita Taveta na ya Baricho kutoka Kilifi. Bili hulipwa mjini. Ukigawa sekta ya maji kwa bili peke yake, kazi ya kuyatoa ardhini na kuyasukuma inahamia Mombasa. Gawa sekta mara mbili: uzalishaji kwa mita za ujazo zinazotoka kila chanzo, usambazaji kwa wateja. Umeme hufanywa hivyohivyo: uzalishaji wa jotoardhi ya Olkaria ni wa Nakuru hata ukiwasha taa Msambweni, usambazaji ndio wa Kwale.

Hoteli za Diani

Sekta ya malazi na chakula ndiyo inayoyumbishwa zaidi na kigezo cha mgawanyo. Takwimu za usiku wa malazi kwa muda mrefu zimepangwa kwa kanda, mfano "pwani, ufuoni", na kanda hiyo inashika Diani, Nyali na Watamu pamoja. Kwanza lazima orodha ya hoteli ipangwe upya kwa kaunti, hoteli kwa hoteli, kwa kutumia leseni.

Kisha swali la bei. Mfano wa kufundishia: kaunti ya kwanza ina usiku wa malazi 1,000,000 kwa wastani wa shilingi 6,000, ya pili ina 1,500,000 kwa shilingi 3,500. Ukigawa kwa usiku peke yake, ya kwanza inapata asilimia 40. Ukigawa kwa mapato, yaani bilioni 6 dhidi ya bilioni 5.25, inapata asilimia 53.3. Pengo la zaidi ya asilimia 13 ya sekta nzima limetokana na safu moja ya takwimu. Kwa kaunti yenye hoteli kubwa za ufuoni, kuhesabu usiku bila bei ni kuipunja.

Bei yenyewe nayo ina mtego. Mgeni wa kifurushi hulipa Ujerumani au Uingereza, na ndani ya malipo hayo mna ndege na faida ya wakala. Kinachohesabiwa Kwale ni kile hoteli inachopokea kwa mkataba wake na wakala. Bei iliyobandikwa mapokezi haifai. Iko juu mno. Chukua mapato ya vyumba kutoka ritani za kodi ya ongezeko la thamani au hesabu za hoteli, kisha gawa kwa usiku uliouzwa.

Na kuna nyumba za kupangisha kwa muda mfupi, zinazouzwa mtandaoni, zilizojaa kuanzia Diani hadi Galu. Hazimo kwenye orodha ya hoteli. Nyingi ni za watu wa Nairobi au wa ng'ambo, lakini huduma hutolewa Kwale na ni pato la Kwale. Namna ya kuzikamata ni kuhesabu matangazo kwenye majukwaa yenyewe kwa miezi tofauti, kuchukua sampuli ya siku zilizojaa, na kulinganisha na leseni za kaunti. Tahadhari moja: nyumba ileile isihesabiwe tena kwenye kodi ya nyumba inayokadiriwa kwa makazi ya wenyewe, yaani ile ambayo mwenye nyumba angelipa kama angekuwa mpangaji.

Minazi, samaki na ng'ombe wa Kinango

Mgodi ulikuwa na hesabu zilizokaguliwa. Kilimo cha Kwale hakina, na ndicho kinachogusa watu wengi zaidi. Chukua shamba moja la Msambweni lenye minazi 60, kila mmoja ukitoa nazi 40 kwa mwaka: nazi 2,400. Mwenye shamba anauza 1,600 kwa shilingi 20, wanakula 500 nyumbani, 300 zinaharibika au kupotea. Thamani ya uzalishaji si shilingi 32,000 alizopokea. Zile 500 za nyumbani huhesabiwa kwa bei ya shambani, shilingi 10,000 zaidi. Zilizoharibika hazihesabiwi. Jumla ni 42,000.

Lakini mnazi hautoi nazi peke yake. Makuti yanasukwa na kuuzwa kwa waezekaji, wakiwemo wajenzi wa hoteli. Baadhi ya minazi hugemwa tembo, na mnazi unaogemwa hautoi nazi kama kawaida, kwa hiyo mavuno ya nazi ya wastani yasitumike kwa minazi yote. Mgema humlipa mwenye mnazi. Malipo hayo yakihesabiwa kama mapato ya shamba, na tembo lote likahesabiwa kwa mgema bila kuyaondoa, thamani imehesabiwa mara mbili. Ama uyatoe kwa mgema kama ununuzi wa malighafi, ama uyachukue kama kodi ya mti yasiyoingia kabisa kwenye uzalishaji wa shamba. Chagua moja, uandike uliyochagua, na mwaka ujao ufanye hivyohivyo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale, wengi wakiwa vijijini. Kwa hiyo kosa dogo la makisio ya mavuno kwa kila kaya linakuwa kosa kubwa kwa kaunti. Afisa kilimo anayekadiria ekari kwa macho akiwa barabarani huelekea kuona mashamba ya kando ya barabara, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye hali nzuri. Picha za satelaiti husaidia kwa miwa ya upande wa Ramisi na kwa mahindi, zinasaidia kidogo kwa minazi, na kwa mihogo iliyopandwa katikati ya mimea mingine hazisaidii sana.

Mifugo ya Kinango inahitaji uangalifu wa peke yake. Ongezeko la kundi ni uzalishaji, hata kama hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na mifugo ikafa kwa wingi. Wakati wa ukame mauzo ya minada yanaweza kupanda, kwa sababu watu huuza kabla mnyama hajafa. Mwenye kutazama mnada peke yake ataandika kuwa ufugaji umekua katika mwaka wa maafa. Lazima hesabu ya kundi la mwanzo na la mwisho wa mwaka iwepo: mauzo na machinjo, kuongeza badiliko la kundi.

Samaki ni rahisi kidogo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, hupima samaki wanaotua Shimoni, Vanga, Gazi na kwingine. Kinachokosekana ni boti zinazotua usiku au zinazouza baharini, na samaki wanaovuka mpaka wa Tanzania kwenda au kutoka Tanga. Samaki hao huhesabiwa kwa makazi ya mvuvi mwenye shughuli, si kwa sehemu ya pwani walikotua.

Shilingi ilipodhoofika

Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa ikiuzwa karibu shilingi 113. Januari 2024 ilifika karibu 160, kisha ikarudi hadi kama 130. Kaunti inayouza nje kwa dola inaonekana kukua pasipo mtu kuchimba zaidi.

Rudi kwenye mgodi wa mfano. Mwaka wa kwanza mauzo ni dola milioni 241 kwa shilingi 115: bilioni 27.7. Mwaka wa pili madini yanapungua asilimia 15, bei za dola hazibadiliki, mauzo yanashuka hadi milioni 204.85. Lakini dola sasa ni shilingi 150: bilioni 30.7. Kwa bei za mwaka husika mgodi "umekua" karibu asilimia 11. Kwa bei za mwaka wa kizio umeshuka asilimia 15. Yote mawili ni kweli kihesabu, ila ni la pili linaloonyesha kazi iliyofanyika.

Kuondoa athari ya bei namna hii kunahitaji kipunguzi cha bei kinachofaa, yaani kipimo cha jinsi bei zilivyobadilika tangu mwaka wa kizio. Mara nyingi kaunti hutumia kipunguzi cha kitaifa cha sekta. Kwa madini hilo ni hatari, kwa sababu kipunguzi cha kitaifa kina kokoto, chumvi na magadi ndani yake, na bei zake hazifuati za zirkoni. Kwa mgodi mkubwa zidisha tani za kila bidhaa kwa bei ya mwaka wa kizio, bidhaa kwa bidhaa. Ukizijumlisha tani za bidhaa zote tatu kuwa namba moja, mwaka ambao rutaili imepungua na ilmenaiti imeongezeka utaonekana sawa, ilhali tani ya rutaili ina bei kubwa mara kadhaa.

Kugawanya kwa watu

Pato likishapatikana, hugawanywa kwa idadi ya wakazi, na hapo mpaka unauma tena. Kila asubuhi watu wa Ngombeni, Waa na Ukunda huvuka feri kwenda kufanya kazi kisiwani na Changamwe. Wanachozalisha ni pato la Mombasa. Wao wenyewe wanahesabiwa kama wakazi wa Kwale. Kwa hiyo pato kwa kila mkazi wa Mombasa limepandishwa na jasho la watu wasiogawiwa, na la Kwale limeshushwa. Wakati huohuo mgodi uliipandisha Kwale kwa faida iliyotoka nje. Nguvu mbili zinazovuta pande mbili, ndani ya namba moja.

Kodi za bidhaa zina shida ya namna hiyo. Ushuru mwingi hukusanywa bandarini Mombasa kwa bidhaa za nchi nzima na hata za Uganda. Haziwezi kuwa pato la Mombasa. Nchi za Ulaya huzigawa kwa uwiano wa ongezeko la thamani la kila eneo, na huo ndio utaratibu wenye hoja nzito.

Mipaka yenyewe pia huhama. Tanzania ilipounda Mkoa wa Geita mwaka 2012 kutoka sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, mgodi mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa 2000 ulipata mkoa mpya bila kuhama hata hatua moja. Anayetaka mfululizo wa Mwanza kabla na baada lazima auondoe mgodi huo kwenye miaka ya nyuma.

Mwaka baada ya kufungwa

Takwimu za 2025 za Kwale zitaonyesha sekta ya madini ikianguka, na jumla ya kaunti ikiburutwa nayo. Kuzisoma kunataka safu mbili: pato lote, na pato bila madini. Ya pili ndiyo inayoonyesha kama Diani imejaa, kama mvua imenyesha Kinango, kama miwa imesagwa. Ukuaji wa asilimia hautoshi. Onyesha mchango wa kila sekta kwa pointi za asilimia, ili mtu aone kushuka kumetoka wapi.

Usitarajie mishahara ishuke kwa kiwango kilekile. Katika mgodi wa mfano, pato lililopotea ni dola milioni 146 lakini mishahara iliyopotea ni milioni 25. Hata hivyo milioni 25 hizo ndizo zilizokuwa zikinunua unga Ukunda, kulipa karo Msambweni na kujaza matatu za Likoni, na kupungua kwake kutaonekana kwenye biashara ya rejareja na uchukuzi kwa kuchelewa, pengine robo mwaka mbili au zaidi. Anayefuatilia asiishie kwenye ripoti ya mwaka. Mauzo ya umeme kwa wateja wadogo na leseni za biashara za kaunti hutoa ishara mapema.

Kazi ya kurejesha ardhi nayo haikosi kuhesabiwa. Kusawazisha mashimo, kurudisha udongo wa juu na kupanda miti ni gharama za kufunga mgodi, na katika hesabu za taifa huchukuliwa kama uwekezaji. Mishahara ya wanaoifanya ni pato la Kwale kwa miaka itakayochukua. Iwekwe kwenye mstari wake wenyewe, isichanganywe na ujenzi wa barabara na nyumba, ili siku itakapokwisha watu wasidhani ujenzi wa Kwale umeanguka.